Shirika la ndege limekosea nauli lenyewe, kwa nini hasara aibebe abiria?

Mkata Tiketi (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za humu ndani.

Naleta hili la mashirika ya ndege kufuta tiketi za watu kwa maelezo kwamba "nauli ilikosewa". Kila zikitokea hizi nauli watu wanatumiana linki usiku kucha na kupongezana nani kawahi, halafu tiketi zikifutwa kimya, hakuna anayeuliza yule aliyekuwa ameshaomba likizo na kulipia viza za watoto kabaki na nini mkononi.

Mimi ni ajenti, nakata tiketi hapa Kariakoo, haya mambo nayaona kwa ndani. Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizunguke: shirika likikosea kosa la wazi lina haki ya kulirekebisha, sibishi. Ila kila shilingi ambayo abiria ameshaitoa kwa kuiamini ile tiketi airudishe aliyekosea, na iwe wajibu siyo hisani.

Kwa wasiojua kosa linaingiaje. Nauli za mashirika mengi zinapita ATPCO, kampuni ya Marekani inayokusanya nauli na masharti yake halafu inazisambaza kwenye mifumo kama Amadeus, Sabre na Travelport, ndo huko sisi maajenti na zile websaiti za tiketi tunazionea. Kule mwanzo kuna binadamu anajaza. Akiruka sifuri, au akisahau ile tozo ya mafuta ambayo kwenye safari ndefu inaweza kuizidi hata nauli yenyewe, inatoka hivyohivyo na dunia nzima inaiona ndani ya muda mfupi. Alitalia mwaka 2006 waliuza bizinesi klasi Toronto kwenda Cyprus kwa dola 39 badala ya 3,900, sifuri mbili tu hizo, na wakaziheshimu zile tiketi. Na sarafu nazo ni balaa. Aprili 2012 Myanmar waliachia hela yao, kiwango cha serikali kikatoka kama kyat 6 kwa dola hadi zaidi ya 800 kwa mkupuo, mwaka huohuo zikaanza kuonekana nauli za ajabu za kutokea Yangon. Aprili 2023 ANA ya Japani ikawakuta kwenye websaiti yao ya Vietnam, kubadilisha sarafu kulikosewa, watu wakakata daraja la kwanza kutoka Jakarta hadi New York kwenda na kurudi kwa chini ya dola 1,000 wakati bei yake ni makumi ya maelfu au karibu na hapo, shirika mwanzoni likaonekana kama litaheshimu halafu likafuta zote na kurudisha hela.

Karibuni tujadili, hasa mliofutiwa.

Nyundo7

Mkuu mimi nakupinga. Wewe unaona kabisa kitu cha milioni ishirini kinauzwa laki mbili, unakimbilia kukata tiketi nne na za mashemeji, halafu zikifutwa unalia umeonewa? Huo ni wizi wa kistaarabu. Muuza duka mzee wangu alikuwa akimrudishia mtu chenji iliyozidi anategemea irudi.

Mkata Tiketi

@Nyundo7 nakuelewa, na kwa huyo unayemsema, anayejua kabisa na anakimbiza tiketi nne, sina ugomvi na wewe. Tatizo ni kwamba unamchukua huyo mmoja unampima naye kila mtu.

Niambie kitu kimoja. Novemba 2012 Fastjet walipoanza hapa kwetu, Dar kwenda Mwanza nauli ya kuanzia ilikuwa 32,000 kabla ya kodi. Elfu thelathini na mbili! Watu walikuwa wamezoea kwamba ndege ni ya waheshimiwa, Mwanza unakwenda na basi. Wateja walinijia wakiuliza kama hiyo ni kweli au matapeli. Ilikuwa kweli. Ulaya nako Ryanair wamewahi kuuza kiti chini ya yuro 10 na wakapiga tarumbeta. Sasa mashirika yenyewe ndo yametufundisha kwamba nauli inaweza kuwa chochote, asubuhi laki sita jioni laki tatu, kiti cha jirani yako kalipa nusu yako, mashirika hayahaya yanakwambia "wahi, zimebaki mbili kwa bei hii". Umewahi, halafu wanasema ulipaswa kujua kuwa ni kosa. Nitajuaje?

Dada wa Minneapolis

Asante sana kaka kwa huu uzi, umenigusa kwenye kidonda. Mimi nimefutiwa mwezi huu. Shirika silitaji. Na haikuwa daraja la kwanza wala nini, ni ekonomi ya kawaida kutoka Minneapolis hadi Dar na watoto wawili, bei ilikuwa chini sana ukilinganisha na ninazozijua lakini nilidhani ni ofa, kwa sababu Januari mwishoni na Februari huwa zinashuka. Kadi ikakatwa, imeili ya uthibitisho ikaja na namba za tiketi zote tatu. Nikampigia mama Sengerema nikamwambia tunakuja, akaanza na kupaka rangi chumba.

Watoto wana pasi za Marekani, viza ya Tanzania kwa pasi hiyo ni dola 100 kila mmoja na ukishaomba hairudi. Nikakata na ndege ya ndani Dar Mwanza, ile nauli isiyorudishwa maana ndo ya chini. Siku ya nne naamka nakuta imeili ya aya mbili, kwamba kutokana na hitilafu ya kiufundi tiketi zimefutwa, hela itarudi kwenye kadi, wanasikitika kwa usumbufu. Usumbufu tu basi. Nimepiga simu, nimesubirishwa, nimeambiwa "tumesharudisha nauli yote mama, hatudaiwi kitu".

Kweli hatudaiani?

Mkata Tiketi

Dada pole sana. Na wanakudanganya, wanadaiwa. Soma hapa taratibu.

Kwa kuwa safari yako inaanzia Marekani wewe una sheria ambayo sisi huku hatuna. Wizara ya usafirishaji ya Marekani, DOT, kuanzia Januari 2012 ilipiga marufuku shirika kupandisha bei baada ya mtu kulipa, na kwa tafsiri yao hata nauli iliyokosewa ilikuwa imo, kufuta tiketi ili ukate upya kwa bei ya juu walihesabu ni kupandisha bei. Ndo maana 26 Desemba 2013 Delta walipotoa nauli za kijinga kwa saa chache asubuhi waliziheshimu zote, na United Septemba mwaka huohuo walipouza tiketi kwa dola 0 pamoja na kodi ya dola chache nao wakaheshimu.

Halafu Februari 2015 ikaja ile ya United ya Denmark. Kampuni nyingine iliyokuwa inawafanyia kazi ya kubadilisha sarafu ilikosea kiwango cha kroner, daraja la juu London hadi Newark likawa kama dola 75. Ili uipate ulitakiwa uingie websaiti yao ya Denmark na useme kadi yako ni ya Denmark, maelfu wakafanya hivyo wakiwa wamekaa zao Marekani na Uingereza. United wakafuta. DOT ikawaunga mkono kwa sababu hiyohiyo ya watu kujifanya Wadenishi, na Mei 2015 ikatoa tangazo kwamba kuanzia hapo haitashughulika na shirika linalofuta nauli iliyokosewa, kwa masharti MAWILI. Moja, shirika lithibitishe kuwa kweli ni kosa. Pili, na hapa ndo pa kwako dada, lirudishe siyo nauli tu bali na gharama halisi ulizoingia kwa kuitegemea ile tiketi, zenye risiti: hoteli isiyorudishwa, ndege ya kuunganisha, ada ya viza, vimetajwa humohumo.

Kwa hiyo andika madai, usipige tena simu. Weka risiti za viza mbili, tiketi ya Mwanza, ile imeili ya uthibitisho na ile ya kufutiwa, tarehe zionekane kuwa ulilipia hivyo vitu BAADA ya kupata tiketi na KABLA ya kufutiwa. Wakikaa kimya au wakikataa peleka malalamiko DOT kwenye websaiti yao, ni bure. Shirika linatakiwa likwambie limepokea ndani ya siku 30 na likujibu kwa maana ndani ya siku 60. Wengi wanalipwa nauli wanashukuru Mungu wanaondoka, kumbe walikuwa na haki ya zaidi.

Msee wa Kayole

Mimi nitasema ukweli wangu, hizi fare nazichapa kila zikitokea na sioni haya. Krismasi ya 2014 Etihad walikuwa na New York Abu Dhabi kwenda na kurudi kama dola 187, cousin yangu akaenda na ikaheshimiwa. Cathay nao, mwaka mpya wa 2019, Da Nang kwenda New York bizinesi na first kuanzia kama dola 675, ticket za dola elfu kumi na kitu hizo, wakasema wazi wamekosea na wakawabeba wote, hadi wakaandika kwa Twitter wakiwatakia abiria mwaka mwema. China Southern Novemba 2023, masaa kama mawili tu usiku, tiketi za kwenda na kutoka Chengdu zikauzwa yuan 10 hadi 30, kesho yake wakasema zote ni halali. Hao walipata jina zuri kushinda tangazo lolote. Airline ikitaka inaweza, hizo hasara hazijaua mtu.

Rule ya wenyewe ni moja: ukishabook usipigie airline simu, usinunue kitu kingine chochote wiki mbili, ukae tu.

Mkata Tiketi

@Msee wa Kayole hiyo kanuni ya kusubiri wiki mbili ni nzuri na mimi nawaambia wateja hivyohivyo nikiona bei inanitia shaka. Ila ona inavyomwacha mtu kama dada hapo juu, yeye hakujua kama yuko kwenye mchezo wowote, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kusubiri. Kanuni inamlinda mwindaji, haimlindi abiria.

Na jamani tusizungumze kama vile shirika ndo mnyonge hapa. Niwaeleze sisi maajenti tunavyofanywa. Mimi nikikata tiketi kwa nauli isiyostahili, labda nimekosea tarehe ya mwisho ya ofa au nimemuweka mtu mzima kwenye nauli ya mtoto, shirika haliniambii "pole hitilafu ya kiufundi". Linanitumia ADM, hati ya kunidai tofauti yote, na inakatwa kupitia mfumo wa malipo wa IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, nipende nisipende. Abiria naye akikosea herufi ya jina lake, kwenye mashirika mengi hiyo ni faini au tiketi mpya. Desemba 2014 Singapore Airlines bizinesi klasi ya Australia kwenda Ulaya iliingia kwenye mfumo kwa bei ya ekonomi, tiketi kama 400 zikauzwa na maajenti, na jambo la kwanza walilofanya ni kuwaambia maajenti wakawadai abiria tofauti! Kelele zilipokuwa kubwa ndo wakaziheshimu. Kwa hiyo ajenti akikosea analipa, abiria akikosea analipa, shirika likikosea tena analipa abiria. Hapo ndo mimi nashindwa kukubali.

Wakili wa Mtaa

Naomba niingie upande wa sheria kidogo, kwa ufupi.

Kenya mikataba inafuata sheria ya Kiingereza, na Waingereza wana kesi maarufu ya 1939, Hartog na Colin & Shields, ngozi za sungura pori ziliandikwa bei kwa ratili badala ya kwa kila ngozi, mahakama ikasema mnunuzi lazima alijua ni kosa kwa kuwa mazungumzo yote yalikuwa ya kwa ngozi, hivyo hakuna mkataba. Ya kisasa ni ya Singapore: Januari 2003 duka la mtandaoni liliweka printa za dola 3,854 kwa dola 66 za kwao, vijana sita marafiki wakaagiza 1,606 usiku mmoja huku wakitumiana meseji, meseji zikaletwa mahakamani, wakashindwa. Kipimo ni kujua, au kwamba yeyote angejua. Anayedai kuwa ulijua ndo mwenye kazi ya kuthibitisha.

Tanzania yetu imetoka kwenye sheria ya India ya 1872, na ile ya India inasema waziwazi mkataba haubatiliki kwa sababu tu upande MMOJA ulikosea. Kwa hiyo shirika likinijia mahakamani hapa na "tulikosea" peke yake nitakuwa na la kusema. Shida ni nani atafungua kesi kwa ajili ya tiketi, na masharti uliyoyabofya "nakubali" nayo yatasomwa.

mtoto_wa_pwani

Asalaam alaykum. Hili kwenye fiqhi lina mlango wake, linaitwa ghabni, yaani mmoja kupunjika sana kwenye bei. Wenzetu wa madhehebu ya Hanbali wanampa aliyepunjika khiyari ya kuvunja biashara katika hali maalumu, lakini sisi wa Shafi huku pwani tumesomeshwa kwamba kupunjika peke yake bila hadaa hakuleti khiyari, na mfano wanaotoa ni wa mtu aliyenunua kigae cha kioo akidhani ni johari, imekula kwake kwa sababu hakuchunguza. Sasa kama mnunuzi maskini asiyechunguza habebwi, muuzaji mwenye kompyuta na wanasheria abebwe? Ingawa kwa dini ukijua ndugu yako amekosea kumwambia ndo ubora, hilo halina ubishi, na hapo nipo na @Nyundo7.

Nyundo7

Sheikh umenena. Basi mimi nirekebishe: anayejua arudishe, asiyejua alipwe gharama zake. Ila tunamtofautishaje?

Mkata Tiketi

Swali zuri sana hilo na ndo kiini. Mimi naona liko wazi kuliko watu wanavyodhani. Aliyezunguka hadi websaiti ya Denmark akadanganya nchi ya kadi, anajulikana. Aliyekata daraja la kwanza kwa bei ya basi, atapata taabu kujitetea, japo hata hao kuna njia ya kiungwana: Qantas Agosti 2024 walikosea daraja la kwanza Australia kwenda Marekani, likashuka hadi asilimia 85, watu kama 300 wakakata, shirika likawapa bizinesi klasi kwa hela waliyolipa au warudishiwe, wachague wenyewe. Lakini mtu wa ekonomi, nyumbani kwake, kwa kadi yake, na bei iliyo nusu au theluthi ya kawaida? Huyo achukuliwe hakujua mpaka shirika lithibitishe vinginevyo.

Na muda nao. Marekani abiria anapewa saa 24 kufuta bila faini akikata moja kwa moja kwa shirika siku 7 au zaidi kabla ya safari. Kwa nini shirika nalo lisibanwe kwa saa 24 hizohizo? Wana watu na mifumo ya kuangalia mauzo. Mimi mwenyewe nikifungua tiketi ya mteja kwenye mfumo naona kila kipande cha safari kimeandikwa OPEN, ina maana ni hai, anaweza kusafiri nayo. Nimeshaona ya mteja ikakaa OPEN siku tano, siku ya sita nafungua imegeuka REFUNDED, hakuna simu, hakuna meseji kwangu wala kwake, nimejua kwa sababu nilifungua kumchagulia kiti. Siku tano mtu anapanga maisha yake juu ya kitu ambacho shirika lenyewe linasema ni hai.

Halafu kuna hili la sarafu ambalo huku kwetu linauma kimyakimya. Umelipa kwa shilingi, benki ikanunua dola kwa kiwango cha siku ile, hela ikirudi wanazibadilisha kwa kiwango chao cha kununulia, hapo umeshapungukiwa, na ada ya benki juu. Shirika linasema "tumerudisha yote". Siyo yote. Omba na hiyo tofauti, ambatanisha taarifa ya benki ya siku zote mbili.

Dada wa Minneapolis

MREJESHO. Niliandika kama kaka alivyoelekeza, nikataja tangazo la DOT la Mei 2015 na kuambatanisha kila kitu. Jibu la kwanza walinipa vocha. Nikakataa, nikapeleka DOT. Wamelipa viza zote mbili na tiketi ya Mwanza, imeshaingia kwenye kadi. Ila tofauti ya nauli mpya wamekataa, na nauli za sasa siziwezi kwa watu watatu. Mama nimemwambia tunasogeza hadi Juni.

Mkata Tiketi

Alhamdulillah kwa hizo zilizorudi, na umefanya vizuri kukataa vocha. Ile tofauti ya nauli mpya kwa utaratibu wa 2015 kweli haimo, na mimi hapo ndo naona walipunja, kwa sababu hasara kubwa ya abiria ni safari yenyewe. Shirika lingeweza kabisa kulazimishwa kumuuzia aliyefutiwa kwa nauli ya chini kabisa iliyokuwepo halali siku ile aliyokata, na lisipate hasara yoyote. Juni ni msimu dada, bei zitapanda shule zikifungwa huko, nitumie tarehe PM nianze kukuangalizia mapema, ukiweza kuondoka kabla ya katikati ya Mei ndo nafuu.

Msee wa Kayole

Na mtu wa Nairobi kwenda London akicancelliwa, ashike nani? Huku hatuna DOT.

Wakili wa Mtaa

Utaratibu ule hauwahusu, nyinyi mnabaki na mkataba na sheria ya kulinda mlaji. Kenya mna Ibara ya 46 ya Katiba na sheria ya mlaji ya 2012, malalamiko yanaweza kwenda KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, au mamlaka ya ushindani. Tanzania mamlaka ya anga ni TCAA, na baraza lao la watumiaji. Andika madai yaleyale aliyoandika dada, risiti zilezile, wape siku 14, halafu nakala kwa mdhibiti. Kama ulilipa kwa kadi na hata nauli yenyewe haijarudi, nenda benki ukapinge muamala, usikae miezi, benki zina ukomo wa siku.